“Naijua pombe yangu”: tunajipima kwa kipimo gani kabla ya kushika usukani?

Mkazi wa Mbezi Beach (mleta mada)

Wadau, salaam. Ninaandika uzi huu nikiwa mnywaji wa bia kwa zaidi ya miaka ishirini na dereva kwa karibu muda huohuo, kwa hiyo nisieleweke kuwa ninatoa mawaidha kutoka mimbarini. Ninataka tujadili jambo moja tu, nalo ni ile kauli ambayo wengi wetu tumeitoa huku tukipapasa funguo mfukoni: “Usihofu, mimi naijua pombe yangu.”

Mlevi anayeshindwa hata kufungua mlango wa gari hanishughulishi sana, kwa sababu huyo mlinzi wa baa humnyang’anya funguo na kumwacha alale kwenye kiti cha nyuma hadi alfajiri. Ninayemzungumzia ni yule anayetembea wima, anayelipa bili bila kukosea na kuagana na kila mtu mezani kwa jina lake, kisha anawasha gari huku wenzake wakimsifu kuwa yeye hata anywe vipi hayumbi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Usiku mmoja wa Ijumaa nilitoka Sinza mnamo saa sita na nusu nikiwa, kwa hesabu yangu, nimekunywa bia nne katika muda wa saa tano. Barabara ya Shekilango ninaikumbuka, mataa ya Bamaga ninayakumbuka, na pale Mwenge ninamkumbuka hata muuza mishikaki aliyekuwa akimwagia maji makaa ya jiko lake. Kuanzia hapo hadi getini kwangu sikumbuki chochote: si Lugalo, si Kawe, si Tangi Bovu. Asubuhi mke wangu aliniita nje. Kioo cha pembeni cha upande wa kushoto kilikuwa kimekunjika kuelekea nyuma, na kwenye plastiki yake palikuwa na mchirizi wa rangi ya buluu wenye urefu wa kidole. Gari langu ni la kijivu.

Nilivaa ndala, nikapanda daladala hadi Mwenge, kisha nikarudi kwa miguu nikikagua kila nguzo, kila kibanda na kila tangi la maji lililo karibu na barabara. Nikawauliza vijana wa bodaboda wa Kawe kama kuna mtu aliyegongwa usiku, nao wakanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, kwa sababu mtu anayeuliza swali kama hilo huwa ama ni ndugu wa majeruhi ama ndiye aliyegonga. Hakuna aliyejua lolote. Buluu ile ingeweza kuwa ya bajaji, ya geti la mtu au ya baiskeli, na hadi leo sijui.

Jioni yake suruali ilipokuwa inafuliwa, vizibo saba vilitoka mfukoni. Nina mazoea ya kutia kizibo mfukoni kila chupa inapofunguliwa mbele yangu, ili bili isilete ubishi, hasa pale ambapo wenzangu wananiagizia na chupa zinapangwa mezani kabla sijamaliza ile niliyonayo. Kwa hiyo nilikuwa nimekunywa saba, na kichwani nilikuwa na nne, wala sikuwa ninamdanganya mtu yeyote. Niliamini kabisa kuwa ni nne.

Matangazo ya bia yanatuambia tunywe kistaarabu, lakini ustaarabu hauna mizani, na kila mtu hujipa alama anazozitaka. Swali langu kwenu ni hili: mnapoamua kuwa mnaweza kuendesha, mnaamua kwa kutumia nini?

Fundi wa Njiro

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyokukuta, ila nadhani unatufunga wote kwa kosa lako. Mimi nimeendesha kwa miaka ishirini na sita, na mara nyingi nikiwa nimepata mbili au tatu baada ya kazi, na sijawahi kumgusa hata kuku. Ninapokuwa nimekunywa huendesha polepole kuliko nikiwa mkavu, hushusha kioo nipate upepo, hukaa nyuma ya lori na kulifuata. Waulize matrafiki, watakwambia kuwa kinachowahangaisha ni vijana wanaoyapita magari mengine kwenye kona wakiwa hawajaonja hata tone, na matrela yanayoharibika usiku yakaachwa barabarani bila kiakisi, yakiwa yamewekewa matawi tu.

Halafu tuwe wakweli kuhusu sababu ya watu kuendesha. Si kiburi peke yake. Ukiliacha gari baa hadi asubuhi utakuta vioo vya pembeni vimekwenda, na ukienda kuvinunua unaweza kuuziwa vilevile vyako. Mlinzi ukimpa elfu tano atakuahidi mbingu, na saa nane usiku amelala. Mtu anapiga hesabu ya gharama hiyo, anaona heri ajikongoje mwenyewe hadi nyumbani.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Mleta mada ameuliza tunaamua kwa kutumia nini, na jibu la kitabibu halifurahishi: tunaamua kwa kutumia sehemu ileile ya ubongo ambayo pombe huianza. Kabla miguu haijalegea na ulimi haujawa mzito, uwezo wa kujikosoa huwa umeshapungua, na ndiyo maana mtu anayehisi yuko sawa anasema kweli kuhusu hisia zake huku akikosea kuhusu hali yake. Mnywaji mzoefu yuko katika hatari ya namna ya pekee. Mwili wake umejifunza kuficha kuyumba, lakini kiasi cha pombe katika damu yake ni kilekile ambacho angekuwa nacho mgeni wa uzito na umbo kama lake.

Niwape hesabu, kwa kuwa watu huzungumzia “mbili tatu” kana kwamba hizo ni namba. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja hupandisha pombe katika damu kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100. Kwa mwanamke wa kilo 55, chupa ileile humpandishia zaidi ya 60, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimua pombe hiyo. Kikomo cha kisheria kwa dereva wa kawaida, Tanzania na hata Kenya, ni miligramu 80, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Kwa hiyo zile mbili za Fundi, akizinywa harakaharaka bila kula, zinamfikisha mlangoni mwa kikomo, na ya tatu inamvusha.

Ini huondoa takriban miligramu 15 kwa saa, na halina mbio nyingine. Kahawa haibadilishi mwendo huo, maji ya baridi kichwani hayaubadilishi, wala supu ya kongoro, ambayo ninaipenda kama mwingine yeyote. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho.

Kuhusu kuendesha polepole, ninakubali kuwa kunapunguza ukali wa ajali, lakini hakurudishi kinachopotea. Mtu aliyekunywa hushindwa kugawa macho yake: akimtazama wa mbele, wa pembeni hamuoni. Anapomulikwa na gari linalokuja likiwa na taa kali, macho yake huchelewa kurudi katika hali yake, na ni katika sekunde hizohizo ndipo mama anayetembea kando ya lami na ndoo kichwani anapokuwa haonekani. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuchelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde ni mita nane za ziada, karibu urefu wa magari mawili madogo. Ninaowapokea usiku, kwa sehemu kubwa, si madereva. Ni waenda kwa miguu na abiria wa bodaboda.

Mwenyeji wa Nakuru

Ningependa kueleza hali ilivyokuwa kwetu Kenya, kwa sababu sisi tulipewa kipimo ambacho mleta mada anakitafuta, na bado mtazamo wetu ulipinda kwa namna nyingine. Kanuni za kupima pumzi ziliandikwa mwaka 2011, na vifaa ambavyo kila mtu aliviita alkoblo vikaingia barabarani Desemba 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile hazikuwiana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, ambacho kinamzungumzia mtu asiyeweza kulidhibiti gari kwa sababu ya kileo, na si mtu aliyepitisha namba fulani. Vifaa vikapotea, kisha vikarejea mwishoni mwa mwaka 2023.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika kipindi chote hicho sikuwahi kumsikia mtu baani akiuliza, “Je, niko salama kuendesha?” Swali lilikuwa, “Alkoblo iko wapi leo?” Palikuwa na makundi ya simu ya kupashana habari za vizuizi, kwamba wako barabara kuu ya kuelekea Nairobi, kwamba wamehama, kwamba mtu apitie njia ya mashambani. Na ile njia ya mashambani haina taa, haina kando, na ndiyo wanayotembelea wafanyakazi wanaotoka zamu. Kwa maneno mengine, tulihamisha hatari kutoka kwa dereva aliyekunywa hadi kwa mtu asiyehusika kabisa, na tukarudi mezani kujipongeza kwa werevu.

Kulikuwa pia na wataalamu wa kutafuna: wengine peremende, wengine karanga, wengine kitunguu kibichi. Ningemwomba Tabibu aeleze kama vilisaidia, kwa maana mjomba wangu alikula kitunguu kizima na bado akalala seli.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Mjomba alionewa na wataalamu wake. Kifaa hakinusi mdomo, bali hupima pombe inayotoka katika damu na kuingia kwenye hewa ya ndani kabisa ya mapafu, na ndiyo sababu mtu huagizwa apulize kwa muda mrefu bila kukata. Kikomo cha Kenya cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi kimetokana na hesabu kwamba damu hubeba pombe mara 2,300 zaidi ya pumzi: zidisha 35 kwa 2,300 utapata mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na ushee. Kitunguu huongeza harufu nyingine tu. Peremende vivyo hivyo.

Mwenye kupenda historia ajue kuwa kifaa cha kwanza kilichotumika sana kilibuniwa mwaka 1954 na Robert Borkenstein, aliyekuwa afisa wa polisi katika jimbo la Indiana, Marekani. Miaka kumi baadaye alitoa matokeo ya utafiti wa Grand Rapids, ambapo madereva waliopata ajali walilinganishwa na wengine waliopita barabara hizohizo bila ajali, na ikaonekana kuwa uwezekano wa kusababisha ajali unapanda kwa kasi kadiri kiwango kinavyoikaribia 80 na kuipita. Nikimjibu Fundi hapohapo: ushahidi wa mtu mmoja aliyefika salama kwa miaka ishirini na sita hauwezi kuonyesha jambo hili, kwa kuwa safari nyingi za walevi huishia nyumbani. Zile ambazo haziishii nyumbani hazipati nafasi ya kuandika hapa.

Jongoo wa Barabara Kuu

Mimi ninaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kampuni niliyoajiriwa hutupulizisha kila alfajiri kabla hatujakabidhiwa funguo, na namba inayokubalika ni sifuri. Wengi wanaokwama hapo hawajanywa asubuhi hiyo. Wamekunywa jana, wamelala, wameoga, wamepiga mswaki, na wanaapa kwa majina ya watoto wao kuwa ni wazima.

Nilifanya hesabu ya Tabibu kwa mfano wa mwenzangu mmoja wa kilo 70 hivi. Alianza saa mbili usiku, akanywa sita, akamaliza saa sita. Sita hizo ni miligramu 240 na zaidi. Ukiondoa 15 kwa kila saa hadi saa kumi na mbili asubuhi, zimetoka 150, na bado amebaki na 90 na ushee. Usingizi wake wote ule haujamtoa hata kwenye kikomo cha mwenye gari dogo, achilia mbali sisi. Na asipokuwa na anayempulizisha, anachofanya ni kuzimua: anatafuta moja baridi asubuhi ili kichwa kitulie, kichwa kinatulia kweli, naye anaongeza juu ya 90.

Wakati wa viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani mtu aliweza kuvitia kwenye mfuko wa shati kama peremende na kunyonya akiwa kwenye usukani. Nani angejua? Chupa angalau inaonekana.

Mama wa Kimara

Ninaona mmejadili damu, pumzi na ini, na wote mnaozungumza mmekaa upande wa usukani. Naomba niseme kwa niaba ya tuliokaa upande wa pili.

Mwaka juzi tulitoka kwenye sherehe ya kumuaga binti wa familia tukiwa sita ndani ya gari la shemeji yangu mkubwa. Wote tulikuwa tumemwona akinywa tangu saa kumi jioni. Wote tulijua. Mama mkwe alikaa mbele akashika rozari, mimi nilimpakata mwanangu nyuma, na tangu tunatoka ukumbini hadi tunafika hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kusema “Taratibu, baba” pale gari lilipopanda tuta kwa kishindo. Kumwambia mtu aliyenizidi umri, aliyechangia shughuli kwa mkono mkubwa, aliyejitolea kutufikisha nyumbani bure, kwamba hafai kuendesha gari lake mwenyewe, ni kumvunjia heshima mbele ya mama yake. Kwa hiyo nilichagua heshima yake, nikamweka mwanangu wa miaka mitatu rehani. Tulifika salama, na asubuhi nilimpigia simu kumshukuru.

Kwa hiyo mleta mada akiuliza tunaamua kwa kutumia nini, nami namuuliza mke wake alikuwa wapi katika miaka ile ishirini. Simlaumu. Ninajua alikuwa kitandani, macho wazi, akisikiliza sauti ya geti.

Mkazi wa Mbezi Beach (mleta mada)

Mama wa Kimara, nimemsomea mke wangu maandishi yako. Amesema si kitandani, alikuwa akikaa sebuleni gizani ili nikifika nisijue kuwa alikuwa macho. Mimi jambo hilo nimelijua leo.

Nikirudi kwa Fundi, hoja yako ya vioo vya pembeni ni ya kweli na ningependa isipuuzwe, kwa sababu mambo mengi tunayoyaita kiburi cha dereva huanza na gari ambalo tayari liko baa na halina pa kulala. Uamuzi unaofanywa saa sita usiku, gari likiwa pale nje na bili imeshalipwa, ni uamuzi ambao umeshachelewa. Anayeufanya ni yule mtu asiye na kipimo aliyeelezwa na Tabibu. Ninachojaribu siku hizi ni kuamua saa kumi na moja jioni, nikiwa mkavu. Ikiwa kuna hata dalili ya kukaa na wenzangu, gari linabaki nyumbani na ninakwenda kwa teksi ya kuita kwa simu. Nauli ya kwenda na kurudi hainifikii bei ya kioo kimoja. Na nikiwa na gari, sinywi, hata ile moja, kwa sababu nimejifunza kuwa ile moja ndiyo inayopiga kura kuhusu ya pili.

Kuna gharama ambayo sikuitaja mwanzoni. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kipengele kinachoiondolea kampuni wajibu wa kulipa uharibifu wa gari lako ikithibitika kuwa dereva alikuwa amelewa. Nilikuwa ninalipia bima hiyo kila mwaka na kila Ijumaa nikiifuta mwenyewe. Someni mikataba yenu, iko katika ile kurasa yenye maandishi madogo ambayo wakala huifunua haraka.

Kuhusu mbili tatu zako, siwezi kukushawishi kwa maneno. Ninakuomba tu ufanye jambo moja: tia vizibo mfukoni kwa mwezi mmoja, na kabla ya kuvitoa andika kwanza namba unayodhani.

Fundi wa Njiro

Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa ninatia vizibo mfukoni. Katika mikao mitano, mara tatu niliandika namba sahihi. Mara moja nilipunguza kimoja. Mara moja, siku ambayo tulikuwa tukisherehekea gari la mwenzetu, niliandika tatu na mfukoni mlikuwa na sita, na siku hiyo ndiyo niliyorudi nyumbani nikijiona makini kuliko zote, nimekaa nyuma ya lori la mchanga kutoka Kijenge nikijipongeza.

Bado ninasema kuwa trela lisilo na kiakisi linaua kuliko mimi. Lakini nimemfikiria pia yule mwenye ndoo wa Tabibu, ambaye halihusu trela wala hanihusu mimi.

Jumamosi ijayo tuna harusi ya mpwa wangu Moshi, na kurudi Arusha ni kilomita zipatazo 80 usiku. Nimemwomba kijana wa kaka yangu atuendeshe kwenda na kurudi, kwa malipo, kwa sharti kwamba asionje chochote tangu asubuhi, hata kile kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, ambacho wazee humkaribishia mgeni mlangoni. Yeye amekubali. Baba yake ndiye aliyenipigia simu kuuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumkatalia mwanawe mbege ya babu zake, na mazungumzo hayo hatujayamaliza.